Barua za Msata na Printa ya Masjala

Vijana wa kitengo cha kompyuta waliponiaga mwezi uliopita waliniomba niwaandikie mambo ya printa, yale ambayo hawakufundishwa chuoni. Nimekubali. Vyeo na mishahara sitaviandika, havimsaidii mtu na vyangu havikuwa vya kusimulia. Nitaandika mashine, na watu waliokaa mbele ya mashine. Kisha nitaandika habari ya barua za Msata. Ninyi mliokuja nyuma mmesimuliwa kwamba dada mmoja aitwaye Zuhura aliziharibu kwa haraka zake, na Mzee Kondo akaziokoa. Kondo ndiye mimi. Hadithi hiyo imekaa ofisini muda mrefu, na ndani ya jalada la Zuhura kuna barua ya onyo inayoitilia nguvu. Someni mpaka mwisho ndipo muamue.

Niliingia kazini nikiwa karani wa masjala, pale Bagamoyo, kwenye ofisi yetu ya kupima viwanja na mashamba. Siku ya kwanza nilikabidhiwa rundo la majalada na kiti chenye mguu mmoja mfupi. Chumba cha pili alikaa fundi wa taipureta, Mzee Abeid, mtu mkimya wa kofia safi, aliyekuwa akisikia ugonjwa wa mashine akiwa bado mlangoni. Nilikuwa naacha majalada yangu naenda kumtazama. Mwezi wa tatu akachoka kunifukuza, akanipa bisibisi. Aliniambia kila mashine ninayoifunga nibandike kikaratasi ndani ya kifuniko chake: nimefanya nini, lini, na jina langu, ili fundi anayekuja asianze kupapasa. Nilifanya hivyo kwa miaka mingi. Baadaye niliacha, na sababu ya kuacha nitaisema.

Zilipoletwa kompyuta, Mzee Abeid alisema macho yake hayataki kioo kinachowaka, akaniachia. Printa za mwanzo zilikuwa za sindano, zikichapa zinapiga kelele hadi mteja wa dirishani anakatiza maneno yake na kungoja. Baadaye zikaja za wino wa unga, kimya na zenye madeko. Hapa kwetu pwani adui wa printa ni hewa. Karatasi inakunywa unyevu, hasa masika, na ikifika kwenye joto la ndani ya mashine inajikunja na kukwama. Watu wanailaumu printa. Ninyi msiilaumu. Rimu ikishafunguliwa, karatasi zilizobaki zirudi kabatini, na kabla ya kuzitia kwenye trei zipeperusheni pande zote mbili. Hili nimewafundisha watu wengi, na wengi wao waliendelea kuacha rimu wazi dirishani kisha wakaniita.

Halafu tukawekewa waya za mtandao kila chumba, printa moja ikawa inatumiwa na watu kumi. Hapo ndipo kazi yangu hasa ilipoanza. Kila kompyuta inahitaji draiva, kile kiprogramu kinachoiwezesha kuelewana na printa fulani, na draiva ya printa hii haifai kwa printa ile. Nilipita na flashi mfukoni, meza kwa meza, naweka draiva, nachagua ukubwa wa karatasi, natoa ukurasa wa majaribio, nahamia meza nyingine. Kila printa niliipa anwani yake ya kudumu kwenye mtandao. Ukiiacha ijipangie, umeme ukikatika na kurudi inaamka na anwani mpya, na ofisi nzima itakuapia kwamba mashine imekufa.

Kesi iliyonipa jina ilikuwa ya mhazili wa mkuu wetu wa ofisi. Mkuu alikuwa na wageni chumbani mwake, mara printa yake pembeni ikaanza kutoa karatasi yenyewe: orodha ya akina mama wa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya mdogo wake mhazili, na sare za kila kundi. Kurasa tatu, kisha tena kurasa tatu, kwa sababu mhazili alikuwa chumba kingine haoni kitu kinatoka, akawa anabonyeza upya. Wageni walizisoma zote. Kompyuta yake ilikuwa imeichagua printa ya mkuu bila yeye kujua, kwani kwenye orodha printa zilikuwa namba tupu. Siku hiyo nikazipa majina ambayo mtu anaweza kuyashika: Ya Dirishani, Ya Ramani, Ya Masjala, na Ya Mkuu Usiiguse. Kosa la namna ile halikutokea tena.

Niseme wazi kwamba nilipenda kuitwa. Mzee Kondo, njoo. Mzee Kondo, imegoma. Nilikuwa najivuta makusudi ili waniite mara ya pili. Bi. Mwanaidi, msimamizi wa masjala, kila Jumatano alikuja na hotipoti la vitumbua, na viwili viliwekwa kando kwenye kisahani kwa ajili ya fundi, mtu mwingine asivisogelee. Polepole nikaacha vile vikaratasi vya Mzee Abeid. Mipangilio nikaiandika kwenye daftari, na daftari likakaa mfukoni mwangu. Akija fundi mwingine atapapasa, na watu wataniita mimi. Hiyo ndiyo sababu niliyosema nitaisema.

Kati ya mashine zote, yenye tabia yake ilikuwa Ya Masjala. Bi. Mwanaidi hakutaka A4. Majalada yetu yalikatwa kwa kipimo cha fulskepu, ile karatasi ndefu ya zamani, na yeye alisema A4 inazama ndani ya jalada, mtu akitafuta barua haioni. Alikuwa na kabati zima la fulskepu na msimamo wake. Printa yenyewe ni kongwe. Ukiiwekea draiva mpya inachapa vizuri sana, ila inadhani kila karatasi ni A4, na maneno yaliyo chini kabisa ya karatasi ndefu inayaacha bila kutoa onyo lolote. Dawa yake ni draiva ya zamani, niliyoihifadhi kwenye flashi yangu, na kipimo cha karatasi ukiandike mwenyewe kwa mkono. Hilo alilijua mtu mmoja tu ofisini.

Zuhura alikuja miaka mitatu kabla ya kustaafu kwangu. Mwanamke wa miaka kama thelathini, anakaa Mapinga na mumewe kwenye nyumba ambayo nusu yake ilikuwa bado haijapauliwa, na bado alikuwa anafika kazini kabla yetu sisi wa mjini. Aliniamkia shikamoo baba, akainama kidogo, nikaitika marahaba mwanangu, na nikamchukia kabla hajakaa.

Alikuja na seva. Ni kompyuta moja inayoshika draiva na mipangilio ya printa zote, na kompyuta ya mfanyakazi ikiwashwa inavichukua huko yenyewe. Kazi niliyokuwa naifanya kwa wiki mbili, meza kwa meza, yeye aliimaliza akiwa amekaa, kwa muda wa kunywa chai. Nilisimama nyuma yake na flashi yangu mkononi. Nikamwambia ni nzuri. Nikairudisha flashi mfukoni.

Baada ya hapo hakuna aliyeniita. Asubuhi nilipita vyumbani kusalimia na kuuliza kama mashine hazijambo, nikitumaini kwamba hata moja iwe imeugua. Zote zilikuwa nzima. Yale majina yangu ya printa hakuyafuta. Aliyaingiza kwenye seva vilevile, pamoja na Ya Mkuu Usiiguse, akawaambia watu kwamba ni kazi ya Mzee Kondo na yanafaa. Heri angeyafuta, ningepata la kusema. Jumatano moja nikaenda masjala nikakuta vitumbua viwili viko kwenye kisahani chao, na Bi. Mwanaidi akaniomba nimpelekee Zuhura maadamu naelekea huko. Nikavipeleka. Sijui kama mmewahi kubeba kitumbua chenu kwenda kwa mtu mwingine. Aliponikaribisha nilisema nimeshiba.

Alitaka kunifundisha ile seva. Mara tatu alinivutia kiti, na mara zote tatu nilimwambia nina kazi, na kazi yenyewe haikuwepo.

Ilipofika zamu ya printa ya masjala kuingizwa kwenye seva, alikuja mezani kwangu na kalamu na karatasi, akakaa upande wa pili.

"Baba, hii mashine ndiyo ya siku nyingi kuliko zote. Ina tabia yoyote ambayo inabidi niijue?"

Daftari lilikuwa mfukoni, linanigusa kifuani.

"Mashine ni mashine, mwanangu. Karatasi inaingia huku, inatokea huku."

Akacheka, akanishukuru, akaenda kuiingiza kwenye seva kwa draiva mpya.

Wiki hiyohiyo zikaandaliwa barua za Msata. Zilikuwa za wenye mashamba pembezoni mwa barabara, kuwaita waje kuonyesha mipaka yao mbele ya wapimaji. Mkuu wetu ana mazoea ambayo nyote mnayajua. Jambo kubwa haliweki ndani ya barua, analiweka chini ya sahihi yake kama angalizo. Siku ya kufika, mahali pa kukutana, na kwamba asiyefika shamba lake litasubiri awamu nyingine, vyote vilikuwa kwenye mistari miwili ya mwisho, chini kabisa ya fulskepu.

Adhuhuri, Zuhura alipokwenda kuswali, niliifungua barua moja kwenye kompyuta yangu nikaituma Ya Masjala. Nilijiambia najaribu tu. Ikatoka safi, nafasi ya sahihi mahali pake, na chini yake weupe. Angalizo halimo. Nilisimama pale mbele ya mashine nimeishika. Nilichotakiwa kufanya ni kumngoja Zuhura mlangoni na kumwonyesha, basi. Badala yake niliikunja mara nne nikaitia mfukoni. Nilitaka aaibike. Mashamba ya watu hayakunijia akilini hata kidogo, nawaambia kweli. Niliwaza jinsi watakavyokuja tena kugonga mlango wangu.

Kesho yake zikachapwa zote. Mkuu akatia sahihi rundo zima huku anaongea na simu, zikaenda. Wapimaji walipofika Msata siku iliyopangwa walikuta watu wachache waliosikia kwa bahati. Mmoja wa hao akawaonyesha mpaka peke yake, jirani hayupo, na katika kuonyesha akaichukua na mikorosho ya jirani.

Jirani huyo alikuwa mama mtu mzima wa Kikwere, mjane, shamba kaachiwa na mumewe. Alikuja na wenzake kwa basi, wakajaa ukumbini. Hakupiga kelele. Aliikunjua barua mbele ya mkuu, akainyoosha kwa kiganja juu ya meza.

"Nimesomewa na mjukuu, nikasomewa na mwalimu, nikasomewa na sheikh. Siku haimo. Sasa mliniita lini?"

Mkuu akaitazama barua, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena. Mpaka wa yule mama ulirekebishwa baada ya miezi kadhaa ya kwenda na kurudi, na kila alipokuja nilikuwa napitia mlango wa nyuma.

Jioni ya siku ile waliyokuja watu wa Msata tuliitwa kikao. Mkuu akauliza nani anashughulika na printa siku hizi. Zuhura akasimama, akasema ni yeye, na kwamba chanzo anakitafuta. Alinitazama mara moja tu, akakaa. Mkuu akasema, Mzee Kondo, hebu katazame. Nikaenda na flashi yangu kwenye kompyuta ya masjala. Niliondoa draiva mpya, nikaweka ya zamani, nikaandika kipimo cha fulskepu kwa mkono, na ndani ya robo saa ikatoka barua yenye mistari yake yote. Bi. Mwanaidi akapiga makofi. Mkuu akasema mbele ya wote kwamba elimu ya darasani haijaweza kuishinda mikono iliyozoea. Mnataka kujua lilikuwa na ladha gani neno lile? Lilikuwa tamu. Jumatano iliyofuata vitumbua vilirudi kwangu, na nilivila vyote viwili.

Zuhura alipewa barua ya onyo, nakala ikaingia kwenye jalada lake, kisha akahamishiwa tawi letu la Lugoba. Kutoka Mapinga kwenda Lugoba kila siku haiwezekani, ikabidi apange chumba huko na mumewe abaki na nyumba ambayo haijakwisha. Niliyasikia hayo kwenye korido, nikasema maskini, na moyoni nilikuwa napiga hesabu ya siku zilizobaki aondoke.

Kabla ya kuondoka ilibidi anikabidhi seva. Safari hii kiti nilikivuta mwenyewe, sikuwa na jinsi. Alinionyesha moja baada ya nyingine bila haraka, namna ya kuongeza printa, namna ya kufuta kazi iliyokwama kwenye foleni, namna ya kumzuia mtu asichape kwa mkuu. Mwisho akafungua ukurasa ambao sikuwahi kuuona.

"Hapa seva inaweka kumbukumbu ya kila kinachochapwa, baba. Jina la mtu, saa, printa, na jina la barua yenyewe."

Akateremsha taratibu mpaka siku moja kabla ya barua kutoka, akaweka kidole chini ya mstari. Jina langu. Saa saba mchana na dakika zake. Ya Masjala. Barua ya Msata, ukurasa mmoja. Lau ningekubali kukaa kwenye kiti kile hata mara moja, ningejua kwamba kitu hicho kipo. Nilikataa kujifunza kwa wivu, na ujinga huohuo ndio ulioniweka wazi.

"Umeiona lini?" nikamuuliza.

"Siku ya kikao, kabla sijasimama."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Kisha akafunga ukurasa ule, akanionyesha jinsi ya kuhifadhi nakala ya mipangilio kila Ijumaa. Hakuruka hatua hata moja.

Sikusema. Wiki ile sikusema, na mwaka ule sikusema. Mnaweza kudhani wivu uliisha siku ile. Wapi. Mwanzo nilimwonea wivu kwa seva na kwa vitumbua, baada ya hapo nikamwonea wivu kwa kule kunyamaza kwake, kwa kuwa najijua. Lau ningekuwa mimi ndiye niliyeuona mstari ule, kikao kisingefika dakika ya tano bila kila mtu kuusikia. Alikuwa amenishinda mahali ambapo hata sikujua tunashindana, na iliniuma kuliko seva. Siku ya kuniaga, mkuu alisimama akasimulia tena habari ya barua za Msata, jinsi mzee alivyoiokoa ofisi. Ninyi mkapiga makofi. Nikasimama, nikashukuru, nikapokea zawadi, nikakaa.

Nyumbani nikaanza kuandika karatasi hizi. Nilidhani nitaishia kwenye unyevu na fulskepu, lakini kila nilipofika Ya Masjala kalamu haikuendelea. Mwishowe nikayaandika yote mliyoyasoma, na wiki iliyopita nikapanda basi kumpelekea Zuhura huko Lugoba kabla ya mtu mwingine kuyaona. Tulipopita Msata niligeuza uso upande wa pili.

Alinipokea kwa shikamoo yake ileile, akaagiza chai, akaanza kusoma. Mara mbili aliitwa, fundi njoo huku, na mara zote mbili mwili wangu ulitaka kunyanyuka kabla yake. Nilimwangalia anakwenda, anainama juu ya mashine, watu wamemzunguka, na wivu ukanipanda nikiwa na kikombe chake mkononi. Nikajicheka kimoyomoyo. Aliporudi akamalizia kurasa zilizobaki, akazipanga, akanirudishia.

"Umeandika vizuri, baba. Hiyo ya fulskepu itawasaidia vijana." Akanisogezea kikombe. "Lakini jalada langu halisomwi na vijana."

Tukanywa chai, akanisindikiza mpaka stendi.

Juzi asubuhi nikaenda masjala. Nilikuwa na nakala ya karatasi hizi na barua ya kurasa mbili kwa mkuu, nikiomba viingie kwenye jalada la Zuhura, juu ya ile barua ya onyo. Bi. Mwanaidi alifurahi kuniona, akaniuliza hali ya nyumbani, akavuta kitabu cha barua zinazoingia. Akaandika tarehe, akaandika jina langu, kisha akaniuliza yahusu nini.

"Andika barua za Msata," nikamwambia, "zilizoharibiwa na Kondo."

Kalamu ikasimama. Alinitazama, akangoja nimwambie ni utani. Niliendelea kusimama pale. Bi. Mwanaidi akainama, akayaandika yote kama nilivyoyasema, akagonga muhuri.